Mafuta ya Mchaichai Hayamwagwi Matupu Juu ya Maji

Kosa linalowapotezea wakulima fedha nyingi wanapoangamiza viluwiluwi wa mbu ni kufungua chupa ya mafuta ya mchaichai na kuyamwaga matupu juu ya maji. Mafuta hayachangamani na maji. Huelea kama vitone, upepo huyasukuma upande mmoja, jua huyageuza mvuke, na viluwiluwi wa upande wa pili hubaki salama. Kilo 100 za majani mabichi hazitoi hata lita moja ya mafuta. Kuyamwaga hivyo ni kumwaga jasho lako.

Pima kwanza maji, wala usikisie kwa macho. Zidisha urefu, upana na kina kwa mita, kisha zidisha kwa 1,000 upate lita. Kina cha shimo lililochimbwa udongo wa matofali hakilingani, kwa hiyo kipime mahali patatu na uchukue wastani. Shimo la mita 2 kwa 1, lenye kina cha sentimita 30, lina lita 600. Kwa kipimo cha mililita 1 ya mafuta kwa kila lita 10 za maji, unahitaji mililita 60, zinazopimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kifuniko cha soda.

Changanya mafuta hayo na mililita 30 za sabuni ya maji, utikise vizuri, ndipo uongeze maji kidogo kidogo hadi mchanganyiko uwe mweupe kama maziwa. Ukiona vitone juu, hujamaliza kazi; tikisa tena. Ongeza maji hadi lita 10, kisha nyunyiza siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni jua likiwa limepoa, ukifikia kingo zenye nyasi ambako viluwiluwi hujificha. Rudia kila baada ya siku 5, kwa sababu nguvu ya mafuta huisha upesi, na wakati wa joto yai huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 14. Anayesubiri mwezi uishe anafuga mbu.

Kesho yake viluwiluwi waliokufa hawajongei ukiwagusa kwa kijiti.

Njia hii inafaa mashimo na madimbwi yaliyotuama, si majaruba yote ya mpunga ya Doho, mashariki mwa Uganda, wala maji ya kunywa. Bwawa la ngege (perege) usiliguse kabisa, maana mchanganyiko huu hudhuru samaki pia.