Kuhariri sauti ya mahojiano kwa Audacity: mwongozo kwa anayeanza

Watu wengi nchini Uganda wanaotamani kutengeneza kipindi cha redio, somo la Kiswahili la kusikiliza au kumbukumbu ya sauti za wazee wao hudhani kwamba kazi hiyo inahitaji studio na programu za bei ghali. Haihitaji. Simu inayorekodi vizuri, kompyuta ya kawaida, hedifoni za waya na programu ya Audacity vinatosha kuanzia. Programu hii ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2000, na hadi leo ni programu huria ambayo mtu huipakua, huitumia na kumgawia mwenzake bila kulipa chochote. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ipakue kutoka tovuti ya audacityteam.org pekee, kwa sababu faili za programu mashuhuri zikichukuliwa kwingineko mara nyingi huja zimefungashwa pamoja na vitu ambavyo hukuviomba.

Nitafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme umemhoji mzee mvuvi kwenye mwalo wa Ggaba, kandokando ya Ziwa Viktoria, akakusimulia habari za sangara na sato, na sasa una rekodi ya dakika 40 unayotaka kuifanya kipindi cha dakika 15. Msimamo wangu katika kazi ya namna hii ni mmoja: mhariri husikiliza sana na kugusa kidogo, kwa kuwa sauti ya mtu ni amana.

Kabla hujaondoka mwaloni

Sehemu kubwa ya uhariri huamuliwa wakati wa kurekodi. Weka simu au maikrofoni umbali wa shubiri moja hivi kutoka mdomoni mwa msemaji, pembeni kidogo ili pumzi isipige moja kwa moja, na umpe upepo mgongo. Kama programu yako ya kurekodi inaonyesha kiwango cha sauti, vilele vya maneno viwe kati ya desibeli -12 na -6. Sauti ikigonga 0, vichwa vya mawimbi hukatwa, na kilichokatwa hakirudi hata kwa programu ya mamilioni ya shilingi. Mazungumzo yakiisha, mwombe mzee mnyamaze nyote wawili kwa sekunde 10 huku simu ikiendelea kurekodi. Utaihitaji sana sehemu hiyo baadaye.

Mvua juu ya mabati, pikipiki ya boda boda inayopita na kelele za wanunuzi ni sauti zinazobadilikabadilika, na hakuna kifaa ndani ya Audacity kitakachozitenganisha na maneno kwa namna ya kuridhisha. Subiri zipite, kisha umwombe mzee arudie sentensi.

Kuingiza faili na kuijua skrini

Nakili rekodi kwenye kompyuta, weka nakala ya asili mahali ambapo hutaigusa, kisha ufungue Audacity na kuivutia faili ndani ya dirisha lake kwa kipanya. Simu nyingi hurekodi kwa muundo wa m4a, ambao kwenye Windows na Linux haufunguki mpaka usakinishe nyongeza ya bure iitwayo FFmpeg. Rekodi ikifunguka, bonyeza Ctrl+S mara moja na uupe mradi jina. Mradi huhifadhiwa kama faili yenye mwisho wa .aup3, ambayo ni ya kufanyia kazi ndani ya Audacity tu. Simu ya rafiki yako haitaweza kuicheza. Hifadhi kila baada ya hatua chache, maana umeme hukatika bila taarifa; na ukikatika kabla hujahifadhi, fungua Audacity tena upesi, kwa kuwa huwa inajaribu kuurejesha mradi uliokatizwa.

Unachokiona mbele yako ni mchoro wa mawimbi: muda unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, na urefu wa wimbi ni ukubwa wa sauti. Ikiwa mistari ni miwili, rekodi ni ya stereo, na kwa mazungumzo ya kawaida unaweza kuiunganisha iwe moja kupitia menyu ya Tracks. Kitufe cha nafasi hucheza na kusimamisha, Ctrl+1 hukuza mchoro, Ctrl+3 huupunguza, na Ctrl+Z hutendua kosa lolote. Anayejua vitufe hivi vinne anaweza kuanza kazi.

Kupunguza mvumo

Mvumo wa jenereta au wa injini ya boti iliyo mbali, ukiwa wa namna moja muda wote, unaweza kupunguzwa. Teua kwa kipanya zile sekunde 10 za ukimya, nenda kwenye menyu ya Effect, kundi la Noise Removal and Repair, uchague Noise Reduction, kisha ubofye Get Noise Profile. Hapo programu inajifunza sura ya mvumo. Sasa teua rekodi yote kwa Ctrl+A, rudi pale pale, weka upunguzaji kati ya desibeli 6 na 12, na usikilize jaribio kabla ya kukubali.

Kwenye dirisha hilo hilo kuna chaguo liitwalo Residue, ambalo wanaoanza wengi hulipita bila kulitazama, nami naliona kuwa ndilo mwalimu bora wa hatua hii. Ukilichagua na kusikiliza jaribio, unasikia kile tu kinachoondolewa. Ukisikia mvumo mtupu, uko salama. Ukisikia vipande vya maneno ya mzee humo, umezidisha, na ukiendelea hivyo hivyo sauti yake itatoka kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Punguza desibeli, usikilize tena, kisha urudishe chaguo la kawaida kabla ya kukubali. Mvumo mdogo wa ziwa ukibaki nyuma ya maneno haumdhuru msikilizaji. Humjulisha yuko wapi.

Kuna mngurumo wa aina nyingine unaotokana na umeme wenyewe, hasa ukirekodi utangulizi wako nyumbani kwa maikrofoni iliyounganishwa na kompyuta inayochajiwa. Dawa ya kwanza ni kuchomoa chaja wakati wa kurekodi. Ikiwa umeshachelewa, tumia Notch Filter, kichujio kinachopunguza sauti ya mzunguko mmoja tu, lakini angalia namba iliyomo, kwa sababu kifaa hicho hufunguka kikiwa kimewekwa hezi 60, ambao ni mzunguko wa umeme wa Marekani. Umeme wetu Uganda ni wa hezi 50, kwa hiyo badilisha namba kwanza. Kwa mitikisiko ya upepo na ya meza, High-Pass Filter, kichujio kinachopunguza sauti nzito za chini, ikiwekwa hezi 80 huondoa mengi bila kugusa maneno.

Kukata maneno bila kuyajeruhi

Kazi hii ndiyo inayokula muda, na ndiyo inayoonyesha kama mhariri ana sikio. Sikiliza rekodi yote mara moja bila kukata chochote, ukibonyeza Ctrl+M mahali panapokuvutia ili kuweka alama huku sauti ikiendelea. Baadaye rudi kwenye alama hizo, teua usichokihitaji, bonyeza Delete, na usikilize kiungo kuanzia sekunde tatu kabla yake.

Jicho hudanganya katika lugha yetu. Sauti ya m mwanzoni mwa “mtoto” au ya n mwanzoni mwa “nchi” ni dhaifu sana kwenye mchoro, ikaonekana kama ukimya, na anayekata kwa kutazama tu huishia na mzee anayesema “toto” na “chi”. Herufi h nayo hupotea upesi: “hakuja” iliyokatwa vibaya husikika “akuja”, na msikilizaji asijue kama mtu huyo alifika au hakufika. Anza ukataji mapema kidogo kuliko macho yanavyotaka, kisha usogee polepole huku ukisikiliza kwa hedifoni. Mahali pazuri pa kukata ni kabla tu ya p, t au k, kwa kuwa mdomo hufunga hewa kwa kitambo kidogo kabla ya sauti hizo kutoka.

Ukisikia mlio mdogo wa “tiki” kwenye kiungo, maana yake umekata katikati ya wimbi, likaruka ghafla kutoka kimo kimoja hadi kingine. Tendua, teua tena, na ubonyeze Z kabla ya kufuta. Audacity itasogeza mipaka hadi pale wimbi linapovuka mstari wa sifuri. Usiondoe pumzi zote wala kila “eeh” ya mzee. Anapotua kabla ya kumtaja mwenzake aliyezama ziwani, utuo ule ni sehemu ya habari. Wala usikate kamwe kwa namna inayogeuza maana, kama vile kuondoa “labda” au kuunganisha jibu la swali moja na swali jingine.

Kiwango cha sauti, muziki na faili ya mwisho

Ikiwa wewe unasikika kwa nguvu na mzee anasikika kwa mbali, teua sehemu zake na uzipandishe kwa Amplify. Baada ya hapo tumia Compressor, inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, kwa kiasi, kisha Normalize, inayopandisha au kushusha rekodi yote hadi kilele chake kifike kiwango ulichoweka, ikiwa kwenye desibeli -1. Muziki wa utangulizi uweke kwenye traki yake, uushushe msemaji anapoanza, na uhakikishe una ruhusa ya mwenye kazi, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda.

Mwishoni nenda File, uchague Export Audio. Nakala ya kuhifadhi iwe WAV, ambayo kwa traki moja huchukua takriban megabaiti 5 kwa dakika. Ya kuwatumia watu iwe MP3 ya mono, kilobiti 64 kwa sekunde: kipindi chako cha dakika 15 kitakuwa na megabaiti 7 hivi, na aliyenunua kifurushi kidogo cha data ataweza kukipakua. Kisikilize chote kwa spika ya simu, kwa sababu wengi watakisikia hivyo, na umpelekee mzee mwenyewe akisikilize kabla hujakirusha kwa wengine. Akitaka neno lake fulani liondolewe, mradi wako wa .aup3 bado upo. Ufungue, ulikate, na utoe faili upya.