Kabla mtoto hajalipuka: mwongozo kwa walimu wa vitengo vya elimu maalum

Mwalimu mgeni kwenye kitengo huuliza kwanza: mtoto akianza kupiga kelele, kujigonga kichwa ukutani au kumng'ata mwenzake, nifanye nini? Jibu lipo, tutalifikia. Lakini sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya hapo, tena kabla ya saa tatu asubuhi.

Getini

Mtoto anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam, huenda ameamka saa kumi na moja alfajiri, amesimama kwenye daladala njia nzima, hajanywa chai, na masikio bado yamejaa honi na muziki wa dereva. Ukimkalisha moja kwa moja mbele ya ubao, umeshampoteza. Mpe dakika kumi. Apokewe na mtu mmoja, yuleyule kila siku: salamu kwa jina, maji ya kunywa, choo, begi mahali pake.

Aliyemleta, mara nyingi dada wa nyumbani au bibi, aulizwe mambo manne: mtoto amelala vipi, amekula nini, amemeza dawa, amepata choo? Uliza kwa upole na pembeni. "Shikamoo bibi, mjukuu wetu kaamkaje?" itakupa habari nyingi kuliko kumsimamisha mbele za watu kama mshtakiwa. Swali la dawa lisirukwe kamwe. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wana kifafa pia, na dozi iliyorukwa ni moja ya sababu za kawaida za mtoto kuanguka. La choo nalo huonekana dogo, lakini mtoto asiyesema ambaye hajapata choo siku tatu hana namna ya kukwambia tumbo linamuuma. Atajing'ata mkono, nawe utaandika kuwa ni mkorofi.

Kama mleta mtoto hasomi vizuri, chora majibu kwenye daftari dogo la kurasa 40: kitanda, sahani, kidonge, choo. Yeye aweke vema tu.

Kengele

Shule nyingi hugonga ringi ya gari iliyoning'inizwa mtini. Kwa mtoto mwenye usonji (autism) anayekaa mita chache kutoka hapo, mlio huo unaweza kuwa kama maumivu. Omba ringi ihamishiwe upande mwingine wa uwanja. Ikishindikana, funga kipande cha mpira wa tairi kwenye ncha ya nondo inayogongea. Mlio utapungua makali lakini bado utasikika. Dakika mbili kabla ya kugongwa, onyesha kadi ya kengele. Mara nyingi mshtuko ndio unaoumiza zaidi, na kadi inaupunguza. Wanafunzi viziwi wapewe ishara ya taa au kitambaa, wasiachwe wafuate mkumbo wa wenzao.

Ratiba ya picha

Kata katoni vipande vya sentimeta 10 kwa 10, chora kitu kimoja kila kipande (uji, choo, kuandika, mchezo, nyumbani), kisha funika kwa seloteipu pana. Bila seloteipu, jasho na unyevu wa Dar huvimaliza upesi. Vibane kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyofungwa usawa wa macho ya mtoto, si ya mwalimu. Anza na kadi mbili tu: kwanza kuandika, halafu mchezo. Kosa tunaloliona kila mahali ni ratiba nzuri yenye kadi kumi na mbili iliyogeuka pambo la ukuta. Mtoto mwenyewe aichomoe kadi iliyokwisha na kuitia kwenye kopo. Asipoigusa, haimsaidii kitu.

Kona ya utulivu

Nafasi ya mita moja na nusu kwa mbili inatosha, mbali na dirisha la barabarani na mbali na mlango. Tandika mkeka, weka mto, tundika kitenge cha rangi moja kama pazia, ukingo wake wa juu uwe chini ya bega la mtu mzima ili umwone mtoto muda wote. Pasiwe na mlango wala komeo. Kuanzia Desemba hadi Machi joto ni kali, hivyo kona isiyopitisha hewa itamchemsha mtoto badala ya kumtuliza. Iweke karibu na feni au tundu la upepo.

Mfuko mzito wa mapajani, wa kumsaidia mtoto atulie akiwa ameketi, unaushona mwenyewe. Tumia jinzi kuukuu, mshono mara mbili, ujaze mchanga uliooshwa na kukaushwa juani. Mchele na maharage yaache jikoni: fukusi wataingia, na wapo watoto watakaoyala. Kwa mtoto wa kilo 25, kilo moja hadi moja na nusu inatosha. Ukae mapajani tu, kamwe si kifuani wala shingoni, na awe na uwezo wa kuutoa mwenyewe. Asiyeweza kuutoa, usimwekee.

Kona hii huuawa na sentensi moja: "Nenda kwenye kona, una fujo!" Siku utakapoisema, imegeuka adhabu na hakuna atakayeiendea kwa hiari. Mfundishe kuitumia akiwa mtulivu, dakika tano kila siku.

Akilipuka

Ondoa wenzake, si yeye. Ondoa viti na vitu vyenye ncha. Azungumze mtu mzima mmoja, kwa maneno matatu au manne, sauti ya chini: "Niko hapa. Uko salama." Simama ubavuni, nje ya urefu wa mkono wake. Watu wazima watatu wakisema "Acha!", "Nyamaza!" na "Kaa chini!" kwa pamoja wanamwaga petroli motoni. Usimlaze kifudifudi na kumkandamiza, anaweza kukosa pumzi. Fimbo haina nafasi hapa hata kidogo. Akitulia, mpe maji na muda; nusu saa si nyingi. Usimuulize "kwa nini?", maana mara nyingi naye hajui.

Akianguka kwa kifafa ni jambo jingine: mlaze ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa, tazama saa, usimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika tano bila kukoma, apelekwe hospitali mara moja.

Daftari la matukio

Piga safu tatu: kabla, wakati, baada. Andika ulichokiona, si ulichokidhania. "Alikuwa mkaidi" haisaidii. "Saa nne na robo, foleni ya uji, juani, alimsukuma aliye mbele" inasaidia. Baada ya wiki mbili soma kurasa zote kwa mpigo. Ukikuta matukio mengi yako kwenye foleni hiyohiyo, dawa si ushauri nasaha. Hamishia foleni kivulini, au mtoto huyo apewe uji wake mapema.

Mara nyingine daftari litaonyesha jambo zito zaidi, dalili kwamba huenda mtoto anadhulumiwa: mtoto aliyeanza ghafla kukataa kwenda choo, au kujikunyata kila anapokuja mtu fulani kumchukua. Usimhoji mara kwa mara. Andika ishara au maneno yake kama yalivyo, pamoja na tarehe na saa, na umkabidhi mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Iwapo anayeshukiwa yumo shuleni humo, piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Nakala ya maandishi baki nayo, kabatini, chini ya kufuli.