Kabla ya kumpeleka ndugu yako hospitali ya Kitete, Tabora

Mkulima wa Kaliua akisema jirani kamlogea tumbaku, hilo peke yake si ugonjwa. Huku kwetu Tabora atapata wengi wa kumwelewa. Lakini akianza kusema redio ya dukani inamtaja kila jioni, mpaka mama yake anayeamini uchawi anashangaa, hapo ni jambo jingine. Madaktari huiita dhana potofu: imani isiyotikiswa na ushahidi, ambayo hata watu wa mila na dini yake hawaiamini. Wengine hubaki na dhana moja tu, mfano kwamba mke ana hawara, huku wanalima na kuuza mazao vizuri. Kwa sababu hiyo ndugu huchelewa kugundua.

Kwanza mguse mwili. Akiwa na homa, au amechanganyikiwa ghafla hajui yuko wapi, usingoje kikao cha ukoo. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo au sukari iliyoshuka huweza kumfanya mtu aonekane karukwa na akili, na huua. Nenda siku hiyohiyo kituo cha afya kilicho karibu. Vivyo hivyo kwa mama aliyejifungua wiki chache zilizopita akianza kusema mambo kama haya.

Kama hakuna homa, chukua daftari. Andika ilianza lini, analala saa ngapi, anakunywa pombe au kuvuta bangi, anatumia dawa gani, nani katika ukoo aliwahi kuugua hivyo. Tarehe ndizo daktari wa Kitete atakazouliza sana, maana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta dhana kama hizi, haupimwi kwa damu. Hutambuliwa kwa dalili na muda wake.

Usibishane naye, wala usijifanye unasikia hiyo redio. Sema: "Naona huna amani, kaka. Twende wote." Aende na anayemwamini. Kama anamshuku mke, mke asiwe ndiye wa kumshawishi, na mapanga na dawa za shambani vifichwe mapema. Tafadhali msimfunge kamba. Nimeona mikono yenye makovu ya kamba, na wenye mikono hiyo hawakutaka tena kusikia neno hospitali.

Tenga pia nauli ya kurudi kliniki. Dawa huchukua wiki kadhaa kupunguza dhana, na zingine, kama haloperidoli, huweza kukakamaza shingo au kuvuta macho juu siku za mwanzo. Ikitokea, mrudisheni siku hiyohiyo: ipo dawa ya kulegeza.