Namna ya Kumchagulia Mwenzio Riwaya Itakayomkaa Moyoni

Nashona madera na magauni ya harusi Ngamiani, hapa Tanga, na nyuma ya cherehani nimepigilia rafu ya vitabu. Mteja akija kujaribu nguo ikabaki kupinda, huketi kusubiri, na anayesubiri huongea: mume, wakwe, mtoto aliyefeli, shamba la urithi ambalo kaka zake wameliuza bila kumwambia. Akimaliza huitazama ile rafu na kusema, "Dada, hebu nipe na mimi kitabu, lakini kiwe kizuri." Kwa hiyo kazi ya kuchagua riwaya naifanya karibu kila siku, na naandika hapa jinsi ninavyoifanya ili nawe uweze kumfanyia jirani au dada yako.

Kwanza muulize anasoma saa ngapi. Mama mwenye mtoto mchanga anapata robo saa usiku, na akirudi kesho keshasahau nani ni mtoto wa nani. Huyo mpe kitabu chembamba chenye watu wachache. Anayesafiri kwa basi kwenda Dar anaweza kubeba kinene. Halafu muulize kama anataka kulia au anataka kukasirika. Wengi hucheka kwanza, kisha wananijibu sawasawa, na jibu hilo linanisaidia kuliko kuuliza anapenda hadithi za aina gani.

Jambo ninaloshikilia kuliko yote ni hili: jeraha likiwa bichi, usimpe mtu kitabu kinacholigusa palepale. Aliyeachwa juzi hahitaji kusoma talaka. Mpe habari za mwanamke aliyebanwa na kitu kingine, ajifunze jinsi mwenzake alivyojikwamua, na ya kwake atayafikiria mwenyewe akiwa tayari. Ndiyo maana Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi siitoi ovyo. Inatoka Ukerewe, ndani ya nyumba ya Zakaria, mlevi anayewalinda binti zake kwa kipigo, na inamfuata Rosa anapokwenda shule mbali na macho ya baba. Ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa shuleni kwa muda. Mimi naiona ni kitabu cha wazazi, na nafurahi sana akikichukua baba mwenye binti anayeingia sekondari. Lakini mwisho wake ni mzito. Aliyefiwa karibuni, au anayepitia kipindi ambacho hata kula hawezi, simpi. Nikiona hali hiyo nakiweka kitabu pembeni, nakaa naye, na nawaambia ndugu zake.

Kitabu kinachotoka sana rafuni kwangu ni cha Mariama Bâ, mwalimu wa Senegali aliyekiandika kwa Kifaransa mwaka 1979. Kwa Kiswahili kinaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye amefiwa na mume, yuko ndani ya eda, na katika ile miezi minne na siku kumi anamwandikia shoga yake Aissatou. Kwetu Tanga hapo huna haja ya kueleza chochote. Kila mwanamke anayekuja kwangu amewahi kukaa eda au kumpelekea chakula anayekaa, na anajua nyumba inavyojaa watu siku za mwanzo, kila mmoja na maneno yake. Ramatoulaye ana watoto kumi na wawili. Mume alikwisha kumwacha pweke kabla ya kufa: alioa msichana anayelingana na binti yao, rafiki wa binti yao huyohuyo. Sasa mwanamke amekaa na kuanza kuhesabu maisha yake.

Ninapompendekezea mtu kitabu hiki, namfungulia pale shemeji anapokuja siku ya arobaini kumwambia kwamba eda ikiisha atamwoa yeye. Namsomea kwa sauti, cherehani imezimwa. Wateja wengine wote hunyamaza. Jibu la Ramatoulaye simsomei, nafunga kitabu na kumkabidhi.

Nakipenda pia kwa sababu kina wanawake wawili waliopatwa na jambo moja wakaamua tofauti. Aissatou mumewe alipoleta mke mwingine, alichukua wanawe akaondoka, akasoma, akafika kufanya kazi ubalozini Marekani. Ramatoulaye alibaki. Na aliyeondoka hakumdharau aliyebaki: aliposikia mwenzake anahangaika na watoto kwenye mabasi, alimnunulia gari. Katika kikoba chetu wamo walioondoka na wamo waliobaki, na hiki ni kitabu ambacho wote wanaweza kukizungumza kwenye mkeka mmoja bila yeyote kuona anasutwa. Kama unachagulia kundi, tafuta kitabu cha namna hiyo.

Usipovijua vitabu hivi na umeshika kimoja usichowahi kukisoma, fanya hivi. Soma kurasa mbili za mwanzo, kisha ufungue katikati. Huyo mwanamke anafanya nini? Kama tangu mwanzo hadi katikati anapigwa, anafukuzwa, analia tu, na kila uamuzi unafanywa na wengine, kirudishe. Machozi yatatoka, sikatai, lakini msomaji atabaki amechoka. Unatafuta mahali ambapo ameuza kitu, amesema hapana, ameandika barua, amevuka kwenda mji asioujua, hata kama hatua yenyewe ni mbaya. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, imejaa hatua za namna hiyo. Maimuna amefungiwa ndani na baba yake Maksuudi, mtu mwenye mali na heshima mbele za watu, naye akitoka anaangukia pabaya. Unamkasirikia na kumwombea kwa pamoja. Mwambie msomaji wako amwangalie vizuri Kazija, na usiseme zaidi. Hiki nampa aliyeniambia anataka kukasirika.

Kwa msichana anayependa mapenzi, Vuta N'kuvute ya Adam Shafi: Yasmin aliyeozwa kwa mzee mwenye duka, Unguja ya wakati wa Mwingereza. Hiyo haina haja ya kubembeleza mtu, ukurasa wa kwanza unatosha.

Maneno ya kumpendekezea yawe machache. Taja mtu, taja kilichombana, unyamaze. "Kuna mjane yuko edani, shemeji anamtaka." Inatosha. Usimwambie kitabu kitamfunza nini, kwa sababu mwanamke aliyekwisha funzwa na kungwi, mama mkwe na mawifi hana hamu ya somo jingine. Akikirudisha, usimuulize kama amekipenda, maana atakujibu "kizuri" na mazungumzo yatakufa. Muulize ni wapi alisimama akashindwa kuendelea. Hapo ndipo mtu husema.

Vitabu hivi havipatikani kirahisi, kwa hiyo anza na Maktaba ya Mkoa, lile jengo la kumbukumbu ya Mfalme George wa 6. Uliza pia kwa walimu wa Kiswahili, wengi wana nakala za zamani kabatini. Ukipata chako, kivishe jalada la karatasi ya kaki na uandike kwenye daftari nani kakichukua, hata akiwa ni mdogo wako wa tumbo moja.

Atakayekirudisha hajamaliza, mpokee bila kumhoji mbele za watu. Yawezekana kimemgusa mahali hukupajua. Huyo mimi humpa Wasifu wa Siti binti Saad, ulioandikwa na Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani papa hapa kwetu. Si riwaya, ni maisha ya kweli ya binti wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu mjini Unguja, akaishia kuimba na kurekodiwa sahani za santuri Bombay mwaka 1928. Ni kifupi, Kiswahili chake ni kitamu, na mtu anaweza kukisoma huku anasubiri dera lake lipindwe.