Kulaza IST nyumbani: mambo ya kuzingatia kabla hujafungua nati hata moja

Kulaza gari, yaani kuishusha iwe chini kwa springi fupi, sio kazi ngumu kama mafundi wanavyotutisha, ila pia sio rahisi kama zile video za dakika kumi ambapo jamaa ana gereji ya sakafu nyeupe na mashine ya kunyanyulia gari. Sisi wengine tuna uwanja wa mchanga, jeki moja na mdogo wetu wa kushika tochi. Springi zenyewe zinaingia kwa saa chache tu, kinachokula siku ni vile vitu ambavyo hukuviandaa, sa hapa naandika niliyoyaona kwenye Toyota IST yangu (chesisi ya NCP61, ile ya injini ya lita 1.5) ili wewe usije ukashinda na gari iko hewani kama mimi.

Kwanza kabisa jiulize hiyo gari inafanya kazi gani. Kama ni ya kwako na mwenzako, kazini na kurudi, sawa. Kama ndo hiyo hiyo inayobeba shangazi na magunia ya mchele kwenda mkoani Desemba, fikiria mara mbili, maana kit nyingi za springi fupi zinashusha kama sentimita 3 hadi 4, unaziona ni ndogo ukizipima kwa rula ila ukikutana na tuta la kijijini lile lisilochorwa na mmebanana watu watano utazikumbuka zote nne. Na njia yako ya kila siku unaijua mwenyewe. Mvua zikinyesha Dar maji yanajaa barabarani, gari ya chini inakunywa maji mapema. Zunguka na njia zako wiki nzima, sikiliza wapi inakwaruza hivi hivi ilivyo, kama inakwaruza sasa basi ukishusha itaacha bampa pale. Na kama una bima kubwa wapigie kabla uwaulize, sio baada ya ajali.

Kununua springi: angalia chesisi namba ya gari yako, ipo kwenye kibati ndani ya boneti, usimwambie muuzaji "naomba za IST" ukaishia hapo. NCP60 na NCP61 zinaendesha mbele, NCP65 ni ya 4WD (inaendesha tairi zote nne) na nyuma yake ni tofauti, ukibebeshwa za gari nyingine utakuja kugundua usiku. Watengenezaji kama Tein na RS-R wana orodha zao kwa herufi na namba za chesisi, linganisha na namba iliyochapwa kwenye springi yenyewe, sio ya kwenye boksi peke yake. Ukichukua used za Japani zipitishe kidole koili kwa koili, ukiona rangi imebanduka na kutu imechimba mashimo iache hapo hapo, springi inavunjikia kwenye shimo la kutu.

Alafu kuna hili la kukata. Najua bei zinauma na grinda ipo kwa jirani. Springi ya nyuma ya IST inakaa kwenye vikombe viwili na ule mwisho wa koili umetengenezwa ukalie pale, ukikata unaondoa kikalio, na siku tairi limening'inia kwenye shimo springi inacheza inaweza ikahama kabisa. Wanaozichoma na gesi ili zilale ndo kabisa, chuma kikishapata ule moto kinapoteza ugumu wake, leo gari imelala vizuri, baada ya miezi upande mmoja umelala zaidi. Mimi kwenye hili sibembelezi mtu: kama hela ya springi haijatimia, subiri itimie.

Sasa shokapu. Hapa ndo watu wengi tunajidanganya. Springi fupi inaifanya shokapu ifanye kazi ikiwa imeshashuka muda wote, na mara nyingi springi yenyewe ni ngumu kuliko ya kampuni, kwahiyo shokapu iliyochoka ambayo ilikuwa inajikongoja itakufa ndani ya muda mfupi na utaanza kulaumu springi. Kabla hujanunua chochote chuchumaa uangalie, ukiona mafuta yametiririka mwilini na vumbi limeganda juu yake, hiyo imeisha. Kazi ya kufungua ni ile ile, kwahiyo kama shokapu zina mashaka nunua zote pamoja, na raba za juu za mbele, na beringi zake, na zile raba za kugongea zinazokaa kwenye rodi ya shokapu, maana ukizikuta zimegeuka unga (na utazikuta, gari ina miaka zaidi ya 15) utakuwa umeshafungua kila kitu na huna pa kwenda.

Na hiyo ya kutokuwa na pa kwenda ndo yangu. Nilianza Jumapili saa nne baada ya ibada, kichwani nikajua saa nane nimemaliza. Nati ya linki ya stebilaiza (kile kijiti kinachounganisha shokapu na chuma cha kuzuia gari isilale upande kwenye kona) ikagoma, unazungusha na bolti nayo inazunguka, nikatia alenki (ule ufunguo wa pembe sita) kwa kati ikachubua lile tundu, nikaenda kuazima grinda, umeme ukakatika. Maduka ya spea mengi Jumapili yamefungwa. Gari imekaa juu ya stendi siku tatu, Jumatatu nimepanda mwendokasi Kimara nimebanwa mlangoni huku mikono ina grisi hadi kwenye kucha. Kwahiyo anza Jumamosi saa moja asubuhi, na kabla ya hapo hakikisha una linki mbili mpya mkononi, hazina bei kubwa, za zamani zikigoma unakata bila huruma. Pia panga mapema na mtu mwenye pikipiki, kwasababu gari ndo iko juu, hutaenda nayo dukani.

Bolti zipulizie WD-40, ile dawa ya kulegeza kutu, usiku wa kuamkia, na asubuhi tena, hasa kama unakaa upande wa bahari, Kigamboni, Mbezi Beach, ile hewa ya chumvi inakula chuma taratibu. Na kuna IST zilizotoka sehemu za Japani zenye theluji ambako barabara zinamwagiwa chumvi, ukilala chini yake unakuta kote kahawia, hizo zipulizie siku mbili kabisa.

Tuje kwenye uwanja, na hapa nitakaa kidogo kwasababu ndipo mtu anapofia. Jeki ni ya kunyanyulia, sio ya kushikilia. Gari ikishanyanyuka iweke kwenye stendi za chuma mbili, na tofali la bloki sio stendi, bloki linapasuka ghafla bila kutoa hata mlio. Kama uwanja ni mchanga au udongo, stendi itazama mguu mmoja mmoja huku wewe uko bize na nati, kwahiyo tafuta vipande vya mbao nene pana au bamba la chuma uweke chini ya kila stendi na chini ya jeki. Nyumbani uwanja wetu umeinama, ikabidi niombe nafasi kwa jirani mwenye pevingi, sikuona aibu. Tairi za upande ambao haunyanyui ziwekee mawe mbele na nyuma. Ukikumbuka kwamba hendibreki inashika tairi za nyuma, na wewe ukifanya nyuma hizo ndo ziko hewani, utaelewa kwanini mawe sio mapambo. Na tairi unalotoa lisukume chini ya bodi, gari ikianguka iangukie rimu na sio kifua chako. Alafu kabla hujalala chini, isukume gari kwa mikono kwa nguvu. Ikicheza, shusha upange upya.

Kwenye vifaa, boksi za 14, 17, 19 na 21 na mpini mrefu zitakufikisha mbali, alenki, nyundo, brashi ya waya, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza, hii azima kama huna. Kikubwa ni kibano cha springi kwa ajili ya mbele, zile ndoano mbili zenye skrubu ndefu. Mbele ya IST springi iko juu ya shokapu imebanwa, na nguvu iliyolala humo inatosha kuvunja taya. Nimeshamwona fundi anaifunga kwa waya wa kujengea, anacheka tu. Usimuige. Ndoano zikae zikitazamana pande mbili, unakaza huku kidogo na huku kidogo, kwa mkono, bila mashine ya upepo, na ile nati ya kati ya juu hufungui mpaka uone kwa macho springi imeachia kikombe na inacheza. Uso wako usiwe juu yake wala mtoto asiwe mbele yake. Kama kibano umekipata kimekwaruzika nyuzi, bora utoe miguu yote miwili ya mbele (shokapu na springi yake) ikabanwe gereji na urudi nayo, hamna aliyekuandikia kwamba lazima ufanye kila kitu mwenyewe.

Nyuma ni raha, springi imekaa peke yake, shokapu peke yake. Unashikilia ile bimu (chuma kinachounganisha tairi mbili za nyuma) kwa jeki, unafungua bolti za chini za shokapu pande zote mbili, unashusha taratibu na springi inatoka kwa mkono. Bolti za juu usiziguse kama shokapu hubadilishi. Ila macho yawe kwenye paipu za breki na waya za ABS, bimu ikishuka sana inavivuta. Mbele vile vile, paipu ya breki na waya vimefungwa kwenye mwili wa shokapu, vitoe kwanza, na habu (kile kitovu kinachobeba tairi) ikibaki bila shokapu ifunge kwa kamba isilale nje, ikilala inavuta shafti inayozungusha tairi na joint (kiungo) yake ya ndani inaweza kuchomoka, hapo sasa utakuwa umejianzishia kazi nyingine.

Kabla ya kufungua chochote, pima. Futi toka katikati ya rimu mpaka ukingo wa fenda, tairi zote nne, gari ikiwa tupu na upepo sawa, andika ukutani. Bila hiyo utabaki unabishana na macho kama imelala sawa. Piga picha kila hatua, na zile bolti mbili kubwa za mbele zinazoshika habu zichoree alama zilivyokaa, mimi nilitumia rangi ya kucha ya dada, nyekundu, haifutiki na grisi. Springi mpya maandishi yasomeke yakiwa wima, hayajapinduka, na mwisho wa koili uguse kile kingo kwenye kikalio chake.

Bolti ya chini ya shokapu ya nyuma usiikaze mwisho gari ikiwa hewani, maana ile bushi ya raba itabaki imejisokota siku zote na itachanika mapema. Weka uzito kwanza, inyanyue bimu kwa jeki mpaka ifike inapokaa gari ikiwa chini, ndo ukaze. Nati za rimu kwa Toyota hii ni 103 Nm, na baada ya kilomita kama 50 rudia kuzikaza.

Panga na hela ya alaimenti (kupima na kunyoosha pembe za tairi) kwenye bajeti hiyo hiyo, sio "nikipata". Ukishusha tu, pembe za tairi za mbele zinahama, na tairi linaliwa upande wa ndani ambako hulioni mpaka waya zitokeze. Nenda taratibu ukapime siku hiyo au kesho yake, alafu rudi baada ya wiki mbili springi zikishatulia. Taa za mbele nazo ziangalie usiku ukutani.

Springi za zamani usimpe mtu wa chuma chakavu. Mimi zangu ziko uvunguni, nimezifunga na mfuko wa saruji, mke wangu kashaziulizia mara tatu, ila siku nikiuza gari mnunuzi wa kwanza atakayesema "mbona iko chini hivi" nitamtolea.