Kupandikiza nondo kwenye zege la zamani: usiharakishe kusafisha tundu

Mwenye nyumba anataka kuongeza chumba, ukifika saiti unakuta zege la zamani halikuachiwa nondo za kuungia. Fundi anatoboa, anamimina uji wa saruji, anachomeka nondo, na kesho yake nondo inazunguka kwa mkono. Juzi nimemwelekeza kijana mmoja wa Kibaha kazi hii kwa gundi ya epoksi (ya sehemu mbili zinazochanganywa ndipo zigande), nikaona niiandike yote.

Hatua ya 1: Hesabu kina kwanza

Nondo ya mm 12 ya daraja la 500 (nguvu ya nyutoni 500 kwa kila milimita mraba), ikivutwa hadi kikomo cha usanifu, inabeba karibu kilonyutoni 49, yaani kama tani 5. Mzigo huo wote unahamia kwenye zege kupitia ngozi ya nondo. Kwa zege la C20/25 (daraja la nguvu ya zege), Eurocode 2, kanuni za Ulaya za kusanifu zege, inaruhusu takriban nyutoni 2.3 kwa kila milimita mraba ya ngozi hiyo, na hapo nondo inatakiwa izame kama mm 570, mara 47 ya unene wake. Sasa chukua slabu ya mm 150. Utatoboa mm 120 hivi, na kwa hesabu hiyohiyo utapata kama tani 1 tu. Ndiyo maana nondo zilizochomekwa kwenye slabu nyembamba hazifai kushikilia nguzo inayovutwa au kupindwa, hata ununue gundi ya bei gani. Mhandisi wa miundo aamue zipandikizwe wapi.

Hatua ya 2: Toboa

Drili ya nyundo, biti ya mm 16 kwa nondo ya mm 12, na mm 20 kwa nondo ya mm 16, isipokuwa maelekezo ya gundi yako yaseme vingine. Sipendi mashine ya kukata kwa almasi kwa kazi hii: inaacha ukuta wa tundu laini kama kigae, na gundi inakosa pa kung'ang'ania. Kaa mbali na ukingo. Meno ya nondo inapovutwa yanasukuma zege pembeni pia, na likiwa jembamba linapasuka kwa urefu kabla nondo haijachomoka. Ukigonga nondo ya zamani, hamisha tundu, usiikate.

Hatua ya 3: Toa vumbi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Biti inasaga zege kuwa unga, na unga huo unajipaka kwenye ukuta wa tundu. Ukiweka gundi juu yake, gundi inashika unga na unga haujashika kitu. Nondo itasimama vizuri, utaitikisa na haitacheza, lakini ikivutwa sawasawa inatoka na gundi yake yote, imevaa vumbi jeupe kama andazi lililoviringishwa kwenye unga.

Kupuliza kwa mdomo na kipande cha bomba hakutoshi, na kunaingiza unyevu. Kumwaga maji ni kubaya zaidi kama gundi yako si ya tundu lenye maji, kwa sababu unga unageuka tope na kuganda ukutani. Fanya hivi: ingiza mpira wa kompresa mpaka chini kabisa ya tundu, kisha puliza huku ukiuvuta juu. Ukipulizia mdomoni mwa tundu, unashindilia vumbi chini. Rudia. Halafu ingiza brashi ya waya ya duara, uizungushe mpaka chini na kurudi, mara mbili. Brashi lazima ikwaruze wakati inaingia. Ikiteleza tu imeisha, tafuta nyingine. Kisha puliza tena mara mbili. Presha ya hewa iwe angalau baa 6, na isiwe na oili: ipulizie kwanza kwenye kitambaa cheupe, ukiona doa usiitumie.

Pitisha kidole ukutani. Kikitoka cheupe, anza upya. Kama gundi utaiweka baadaye, ziba tundu kwa karatasi, maana saiti haikosi vumbi.

Hatua ya 4: Gundi

Tupa gundi ya mwanzo inayotoka kwenye katriji (mkebe wake) mpaka rangi za sehemu zake mbili ziwe moja. Anza kujaza kutoka chini, ukirudi juu polepole, hadi theluthi mbili ya tundu.

Hatua ya 5: Nondo

Iwe safi. Kutu nyepesi haina shida, ila magamba yanayobanduka yapigwe brashi, na iliyoguswa na oili chafu inayopakwa mbao za boksi la kumiminia zege isitumike kabla haijafutwa kabisa. Weka alama ya kina, izungushe huku ukisukuma mpaka gundi itokeze kidogo juu. Baada ya hapo mtu asiiguse mpaka muda ulioandikwa kwenye katriji kwa joto la siku hiyo uishe. Kuinyoosha gundi ikiwa nusu imeganda kunaikata, na haijiungi tena.

Hatua ya 6: Jaribu

Chagua chache, zivute kwa jeki yenye geji hadi mzigo aliotaja mhandisi. Ikitoka moja, itazame: ikiwa na vumbi jeupe juu ya gundi, matundu yote yaliyosafishwa na mtu yuleyule siku ile yajaribiwe kabla ya kufunga boksi.