Saga kahawa mlango ukiwa wazi
Ukipata buni za Nyeri au Kirinyaga zilizokaangwa, usisagishe zote dukani. Kahawa ikishasagwa harufu hukimbia upesi. Buni nzima kwenye mkebe uliofungwa vizuri huitunza wiki kadhaa. Saga ya kikombe kimoja tu, gramu 15 hivi kwa mililita 250. Maji yakichemka, yaache nusu dakika ndipo umimine.

Na mlango uache wazi, harufu iwafikie majirani. Kwenye ploti yetu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, sikumhubiria mtu aache kahawa ya kuyeyuka (sina ugomvi nayo, nimeinywa miaka). Siku moja jirani akabisha hodi, kikombe mkononi: “Mama Shiku, hiyo yako inapikwaje?” Siku hizi asubuhi kinu chake hunguruma kabla ya changu.